Elvis tunamjua. Je, Otis Blackwell?

Habari yangu ya kwanza gazetini ilitoka bila jina langu. Nilizunguka juani siku mbili, nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Asubuhi nikanunua gazeti kwa hela yangu mwenyewe, nikakuta juu ya habari ile wameweka "Na Mwandishi Wetu". Mama akaniuliza, "Huyo Mwandishi Wetu ndiye wewe?" Nikacheka, lakini iliniuma. Tangu siku hiyo nikishika santuri ya zamani, kitu cha kwanza ninachotazama ni yale maandishi madogo kwenye mabano, chini ya jina la wimbo. Humo ndimo anamokaa mtunzi, na humo ndimo hela inamopitia.

Sasa ndugu zangu, tukisema muziki wa roki wa miaka ya 1950 mnamkumbuka nani? Elvis Presley, najua. Leo nataka tuchukue santuri yake moja tu, ile iliyotoka Julai 1956, tuigeuze pande zote mbili. Upande mmoja una "Hound Dog", wa pili una "Don't Be Cruel". Ilikaa kileleni mwa chati za Marekani wiki 11.

Tuanze na "Hound Dog". Wimbo huu uliandikwa mwaka 1952 na vijana wawili wa Los Angeles, Jerry Leiber na Mike Stoller, wote wakiwa na miaka 19. Waliuandika kwa ajili ya mwanamke mmoja mwenye mwili mkubwa na sauti kubwa zaidi, Willie Mae Thornton, aliyeitwa Big Mama. Santuri yake ilitoka mwaka 1953 na kuongoza chati ya R&B wiki saba. Yeye alipata nini? Kwa maelezo yake mwenyewe, hundi moja ya dola 500, basi. Leiber na Stoller nao walisimulia kwamba mwenye kampuni, Don Robey, aliwapa hundi ya dola 1,200 ambayo haikulipika benki. Na Robey alikuwa mtu mweusi, kwa hiyo msikimbilie kusema hii ni hadithi ya mzungu na mweusi peke yake. Ubaguzi ulikuwepo, tena mkubwa, lakini mwenye kalamu ya mkataba alikuwa na rangi yoyote.

Haya, geuza santuri. "Don't Be Cruel" ni ya Otis Blackwell, kijana mweusi wa Brooklyn, New York. Mkesha wa Krismasi mwaka 1955, akiwa hana kitu mfukoni, aliuza nyimbo sita kwa dola 25 kila mmoja. Huu ulikuwa mmojawapo. Baadaye akaambiwa Elvis atauimba, ila kwa sharti: jina la Elvis liandikwe pamoja na lake kama mtunzi, na mapato yagawanywe nusu kwa nusu. Blackwell akapiga hesabu. Nusu ya kitu ni bora kuliko kukosa chote. Akakubali. Aliandika pia "All Shook Up", na jina lake limo kwenye "Great Balls of Fire" ya Jerry Lee Lewis. Hadi Elvis anakufa mwaka 1977, wawili hao hawakuwahi kuonana.

Kwa nini watu waling'ang'ania mabano yale? Kwa sababu redio za kawaida za Marekani, tangu enzi hizo hadi leo, hazimlipi mwimbaji wimbo unapopigwa. Zinamlipa mtunzi na mwenye haki za wimbo. Jina kwenye mabano ni kama hati ya shamba: mwenye hati ndiye anayevuna, hata kama hakushika jembe.

Alan Freed alilijua hilo. Ni mtangazaji aliyevuma akiwa Cleveland na kulisambaza jina la rock and roll. Mwaka 1955 Chuck Berry alitoa "Maybellene", na alipokuja kupata karatasi ya mapato akakuta ana watunzi wenzake wawili: Freed na bwana mwingine, Russ Fratto. Hawakuwa wametunga hata neno. Berry alisubiri hadi 1986 ndipo wimbo ukawa wake peke yake.

Sina ugomvi na Elvis. Mwaka 1956 alimwambia mwandishi wa gazeti huko Charlotte kwamba watu weusi waliupiga muziki ule miaka mingi kabla yake, na akamtaja Arthur Crudup kwa jina. Crudup ndiye mtunzi wa "That's All Right", wimbo uliomtoa Elvis mwaka 1954. Lakini kutajwa gazetini si kulipwa. Crudup aliacha kurekodi, akafanya vibarua mashambani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yalifikiwa makubaliano ya kumlipa dola 60,000 hivi. Wenye kampuni wakakataa kusaini. Akafa mwaka 1974. Warithi wake ndio walioanza kuonja mrabaha.

Na Big Mama? Alifariki mwaka 1984. Elvis na Chuck Berry waliingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame na kundi la kwanza kabisa, mwaka 1986. Yeye aliingizwa mwaka 2024, miaka 40 tangu azikwe.

Habari yangu ilikuwa aya sita tu, na mshahara wangu niliupata. Hawa walipoteza nyumba, dawa na ada za watoto. Kwa hiyo wewe rafiki yangu unayeingia studio wiki hii na beti zako, kabla hujauliza wimbo utapigwa lini redioni, omba ile karatasi. Soma ni majina ya nani yameandikwa.