Mpango wa wanafunzi mahiri Marekani: Manufaa na mzigo wake

Vyuo vikuu vingi vya Marekani vina mpango maalum wa wanafunzi mahiri, ambao baadhi ya Wakenya wanaosomea huko hualikwa kujiunga nao. Usichanganywe na shahada za heshima wanazotunukiwa wanasiasa, wala na daraja za kufuzu katika vyuo vya humu nchini.

Miongoni mwa mipango ya awali ni ule wa Chuo cha Swarthmore, jimboni Pennsylvania, ulioanzishwa mwaka 1922 na rais wa chuo hicho, Frank Aydelotte. Aliiga Oxford, alikosomea: madarasa madogo na watahini wa nje.

Manufaa ni ukaribu na maprofesa na, katika vyuo kadhaa, kutangulia kujisajili kwa masomo. Mzigo mkubwa ni tasnifu ya mwaka wa mwisho. Anayesomea uhandisi au uuguzi, ambaye ratiba yake tayari imejaa maabara na zamu za hospitalini, ndiye aghalabu hukwama.

Alama zikishuka chini ya kiwango kilichowekwa, mwanafunzi huweza kuondolewa. Iwapo ufadhili wa karo umefungamanishwa na mpango huo, nao huenda ukapotea. Jambo hilo mwanafunzi aliulize kabla ya kutia sahihi.