Waganga wa Masikio na Mitambo Yao

Msomaji, mvulana achungaye ngamia katika nchi ya Hadado, magharibi ya mji wa Wajir, huwajua wanyama wake gizani kwa mlio wa kengele za mti walizofungwa shingoni. Sikio lake likianza kutoka usaha, jamaa zake hawaioni hasara siku ile; huiona usiku ngamia wapoteapo. Na mabingwa wa masikio, wengi wao wako Nairobi na miji mingine mikubwa. Basi siku hizi husemwa kwamba mtambo wenye akili ya kuundwa utakwenda mahali bingwa asipofika. Kabla hujashangilia wala kukataa, tazama kwanza jinsi waganga wa zamani walivyovipokea vyombo vipya.

Mwaka 1816, huko Paris, daktari Laennec alikunja karatasi ikawa kama mwanzi, akaiweka kifuani pa mgonjwa, akausikia moyo. John Forbes, aliyekifasiri kitabu chake kwa Kiingereza mwaka 1821, alikisifu chombo hicho, lakini akatia shaka kama kingeenea, maana kilitaka muda na taabu, na desturi za wenziwe zilikuwa mbali nacho. Leo ni alama ya kazi yenyewe.

Masikio nayo yalipimwa miaka mingi kwa chuma chenye ncha mbili, kipigwacho kikalia, mganga akilinganisha usikivu wa mgonjwa na wake mwenyewe. (Ole wake mgonjwa aliyepata mganga kiziwi!) Kisha mwaka 1947 Georg von Békésy, ambaye mwaka 1961 alipewa Tuzo ya Nobel kwa uchunguzi wake wa sikio la ndani, alitangaza mtambo ulioendeshwa na mgonjwa mwenyewe: akisikia mlio hubonyeza, nao ukafifia, asiposikia huachia, ukazidi, kalamu ikachora yote karatasini. Hivyo mkono wa mganga uliondolewa katika kupima. Kuamua dawa kulibaki kwake.

Jambo la sasa ni zito zaidi, kwa kuwa mtambo hujaribu kuamua. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini, walieleza programu itazamayo picha ya kiwambo cha sikio na kuutaja ugonjwa. Katika kila picha 100 ilizitambua sawasawa kama 80. Kwa mahali pasipo bingwa, hizo si haba.

Wako waganga wanaoufurahia msaada huo, na wako wanaosita. Mimi siwahesabu wanaosita kuwa wenye wivu wa kazi. Wao huuliza picha zile 20 zitasahihishwa na nani huko Hadado, ni nani atakayejibu mtoto akipewa dawa isiyo yake, na mama asemaye Kisomali tu ataelezwa na nani kwamba mwanawe arudishwe baada ya juma moja, hata kama usaha umekauka.