Jua, Moto na Mashine: Kukausha Nguo Katika Tarime na Serengeti

Mto Mara, utokao katika milima ya Mau nchini Kenya na kupita katikati ya mbuga za wanyama kabla ya kumwagikia Ziwa Viktoria, huzitenga wilaya mbili ambazo ramani imezipakanisha lakini mbingu hazizitendei sawa. Kaskazini yake ziko nyanda za juu za Tarime, nchi ya Wakurya, katika miinuko ya mita 1,500 na zaidi, ambako upepo wa ziwa hukutana na vilima ukaleta mvua ya alasiri, na pengine ya mawe, hata katika miezi ambayo mtu angetaraji kiangazi. Kusini yake iko Serengeti, nchi ya Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waisenye na baadhi ya Wakurya, ambako ardhi huteremka, mvua hupungua kadiri mtu aelekeavyo kusini-mashariki, na jua likatawala. Siku hizi, ambapo wenye nyumba wenye uwezo wameanza kuulizana ni mashine gani ya kukaushia nguo ifaayo kununuliwa, naona tafauti hiyo ya mbingu yapasa kutangulizwa mbele ya bei na jina la kiwanda. Maana kila kizazi cha nchi hizi kilikuwa na kikaushio chake, na aghalabu kilikichagua kwa kuangalia mambo mawili tu, yaani aina ya vazi na saa ya mvua.

Vazi la zamani lilikuwa ngozi. Ng'ombe au mbuzi akichinjwa, ngozi yake iliwambwa chini kwa vigingi, upande wa nyama ukatazama juu, ikakwanguliwa, ikaachwa juani siku kadhaa, kisha ikasuguliwa na kupakwa samli mpaka ikalainika kiasi cha kuvaliwa. Vazi hilo halikufuliwa; lilipakwa mafuta. Lakini kukaushwa lilikaushwa, na kazi hiyo ilitaka maarifa, kwa kuwa ngozi inyeshewayo ingali mbichi huvunda na manyoya yake yakanyonyoka, na ile iharakishwayo kwa moto hukakamaa na kupasuka. Kuijua saa ya kuwamba na saa ya kuanua kulikuwa sehemu ya ujuzi wa nyumba, sawa na kujua saa ya kukama.

Nguo ya kufumwa ilikuja baadaye, na ilikuja polepole. Merikani, ile nguo nzito ya pamba ya viwanda vya Massachusetts ambayo merikebu za Salem zilikuwa zikiishusha Zanzibar tangu miaka ya 1830, na kaniki ya Bara Hindi, zilipanda bara kwa misafara na kisha kwa maduka ya Wahindi. Wajerumani, waliojenga boma lao Ikoma mwanzoni mwa karne ya 20, walikuja na askari waliovaa kaki. Na Waingereza waliowafuatia walidai kodi kwa fedha taslimu, ikawalazimu vijana kutafuta ujira katika machimbo ya dhahabu ya Buhemba na Kiabakari, katika mashamba ya chai ya Kericho, na katika jeshi la King's African Rifles, ambako Wakurya walijulikana kwa wingi wao. Kijana aliyerudi kwao na suruali ya kaki alirudi pia na adabu mpya ya usafi: sabuni ya mche, wanga wa kukazia mikunjo, na pasi ya mkaa.

Pamba ni kitu cha tabia tafauti na ngozi, kwani hunywa maji, na maji hayo hayana budi kutolewa kila inapofuliwa. Mwenye nguo moja alifua kisha akangoja. Alikwenda katika vijito, wala si katika Mto Mara wenyewe, ambao mamba na viboko wake hawana subira na mfuaji, akaisuuza nguo, akaikamua kwa mikono miwili, akaitandaza juu ya jabali, naye akakaa kando katika maji au kichakani mpaka ikauke. Miamba ya matale iliyozagaa Tarime, na Mugumu upande wa Serengeti, sijaiona ikitajwa katika historia ya ufuaji, nami nasikitika kwa hilo, kwa sababu jabali lililochomwa na jua tangu asubuhi huikausha nguo kwa chini wakati jua likiikausha kwa juu, na shuka nyepesi hukauka hapo kabla mwenyewe hajamaliza kuoga. Kasoro yake ni vumbi, na kinyesi cha ndege.

Kamba ya kuanikia ilifuata baada ya nyumba za bati na kuta za kukandika, ikafungwa kutoka nguzo ya kibaraza hadi mti wa karibu. Kabla ya kamba, na hata sasa katika nyumba nyingi, ua wa michongoma ndio uliopokea nguo: miiba hushika kuliko kibanio chochote, hata upepo hauwezi kuiondoa khanga, ingawa mwenye kuanua kwa pupa huondoka na kipande cha khanga na kukiacha kingine uani. Lakini ua wa nyumba ya Tarime haukuwa wa nguo peke yake. Nyanda zile hulima kahawa ya arabika, na kahawa iliyomenywa na kuoshwa hukaushwa juu ya vichanja; ulezi hutandazwa juu ya mikeka au turubai; muhogo hukatwa vipande ukalazwa juani kabla ya kusagwa. Vyote hivyo hudai jua lile lile la kati ya saa tatu asubuhi na saa nane mchana, na wingu jeusi likichomoza upande wa ziwa hupigwa mbiu ambayo kila mtoto wa kule huijua: kahawa kwanza, kwa kuwa ndiyo fedha, kisha nafaka, kwa kuwa ndiyo chakula, nguo mwisho, kwa kuwa nguo ikinyeshewa haikupotea, imesuuzwa tena. Upande wa Serengeti mbiu hiyo husikika kwa nadra, na mwanamke wa Nata aliyeanika asubuhi huweza kwenda shambani akarudi na kuzikuta nguo zimekauka hata zimekakamaa.

Nguo zilizonyeshewa zilikwenda jikoni. Juu ya mafiga palikuwa na uchaga wa fito, ambao kazi yake ya asili ilikuwa kukausha kuni, mbegu na nyama, na juu ya uchaga huo, au juu ya kamba iliyopitishwa chini yake, zikatundikwa nguo za watoto wachanga na sare za shule, zikakauka usiku mmoja na kubaki na harufu ya moshi ambayo mwalimu aliitambua asubuhi. Wale wanaodhani kwamba mashine ya kukaushia ni fikira ngeni kabisa wangefaa kuutazama uchaga huo. Mfaransa aitwaye Pochon, karibu na mwaka 1800, alitengeneza pipa la chuma lenye matundu, likizungushwa kwa mkono juu ya moto. Na George T. Sampson, Mmarekani mweusi, alipata hataza mwaka 1892 ya fremu ya kutundikia nguo juu ya jiko. Fremu ile na uchaga wa Kikurya ni ndugu, na tafauti yao kubwa ni kwamba ya kwanza iliandikiwa hati. Mashine ya umeme ya kuuzwa madukani ilitokea Marekani mwaka 1938, kutokana na majaribio ya J. Ross Moore wa North Dakota, ambaye, kwa mujibu wa habari zake, alichoka kumwona mamaye akianika nguo nje katika baridi kali.

Misheni zilileta ufuaji wa wingi. Wamenonaiti walifika Shirati mwaka 1934, na mapadri wa Maryknoll wakafika Musoma mwaka 1946, na pamoja na shule na hospitali zao zikaja shuka, chandarua, mashati ya wanafunzi na kamba ndefu zilizonyooshwa kati ya vyuma viwili. Kwa wakati huo huo dobi akajiweka mjini, na pasi yake ya mkaa ikafanya kazi mbili ambazo watu wengi huzichanganya: kunyoosha nguo na kuikinga. Maana yuko nzi wa Afrika, ambaye wataalamu humwita Cordylobia anthropophaga na kumtambua tangu 1872, atagaye mayai katika mchanga wenye kivuli na katika nguo zenye unyevu zilizoanikwa mahali pasipo jua. Mayai yakianguliwa, buu hupenya ngozi ya mvaaji likafanya uvimbe unaodhaniwa kuwa jipu. Joto la pasi huyaua mayai, ikiwa mpigaji hakusahau mishono na mpira wa kiunoni, ambamo mayai hujificha.

Hapo ndipo staha ya watu wetu iingiapo, nami sitaipita kwa haraka. Nguo za ndani za wanawake na vitambaa vya hedhi haviwekwi mbele ya wageni. Huanikwa chini ya khanga, nyuma ya mlango, au uvunguni, yaani mahali pale pale penye kivuli na unyevu ambapo jua halifiki na nzi huridhika. Staha yenyewe ni ya haki, wala sina neno nayo. Lakini nyumba iliyopata fedha ya kununua televisheni ingeweza kwanza kujenga kibanda cha kuanikia chenye ukuta wa kujistiri na paa la bati angavu, kinachopitisha mwanga na kuzuia mvua, nao wanawake wa nyumba wangekausha vyote juani bila haya.

Umeme ulifika vijijini kwa wingi baada ya sheria ya Wakala wa Nishati Vijijini ya mwaka 2005 na wakala huo kuanza kazi mwaka 2007. Mashine ya kawaida ya kukaushia, iwe ile itoayo mvuke nje kwa bomba au ile ikusanyayo maji katika chombo, hutumia uniti 3 hadi 4 kwa fungu moja la nguo, kwa kuwa kuigeuza lita moja ya maji kuwa mvuke hutaka takriban uniti 0.65, na katika mashine za namna hiyo hakuna ujanja wa kiwanda uwezao kuifuta hesabu hiyo. Ile ya pampu ya joto, inayolirudisha joto lake badala ya kulitupa, huridhika na uniti 1.5 hadi 2, ila bei yake dukani ni kubwa zaidi. Sasa mteja mdogo wa shirika la umeme, TANESCO, anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti, na akizidisha hulipa mara tatu na ushei kwa kila uniti ya ziada. Familia ifuayo mara tatu kwa wiki na kukausha kwa mashine ya kawaida humaliza karibu uniti 40 kwa mwezi au zaidi, yaani zaidi ya nusu ya haki yake, kabla ya kuwasha taa, jokofu au pasi. Na pale umeme unapocheza, mashine ya wati 2,000 au 3,000 iliyofungwa katika waya mwembamba wa nyumba ya kawaida ni hatari, si raha. Atakaye kuinunua aanze na fundi wa umeme.

Kwa hiyo rai yangu kwa mwenye nyumba wa Mugumu, Nata au Ikoma ni kwamba asinunue mashine ya kukaushia kabisa, ila ile ya kufulia yenye mzunguko wa kukamua kwa kasi, kwa sababu maji yaliyokamuliwa hayahitaji kukaushwa na jua lake litamaliza yaliyosalia. Katika nyanda za juu za Tarime, ambako Aprili huweza kupita wiki nzima bila kamba kukauka, kibanda cha bati angavu kitatosha nyumba nyingi. Mashine ina sababu ya kweli katika hospitali, katika shule za bweni na katika nyumba za wageni zinazobadilisha shuka kila siku, na hizo, zikiwa na uwezo, zichague ya pampu ya joto, iliyofungiwa waya wake pekee.