Nani Anahesabu Machakos?

Ukitembea Katelembo, nje kidogo ya mji wa Machakos, unapita juu ya matuta, shamba hadi shamba. Mgeni akiuliza nani aliyaanzisha, jibu la haraka ni "mkoloni". Mimi jibu hilo halinitoshi. Mkoloni hapa alianza kwa kuhesabu.

Mwaka 1938 aliamua kwamba ng'ombe wa Wakamba wamezidi, ndiyo sababu udongo unakwisha. Maofisa wakahesabu mifugo, wale wa kubaki wakapigwa chapa, wengine wakachukuliwa kwa nguvu na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Wakati huohuo kiwanda cha nyama cha Liebig pale Athi River kilikuwa kinatafuta ng'ombe. Sadfa? Wenye ng'ombe hawakuona hivyo. Muindi Mbingu akaongoza zaidi ya watu elfu moja, akina mama na watoto wakiwemo, hadi Nairobi. Walipiga kambi wiki kadhaa wakidai kumwona gavana. Muindi alihamishiwa Lamu, lakini unyang'anyi ule ukakoma.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikaja amri ya kuchimba matuta chini ya macho ya chifu. Watu walichimba kwa shingo upande. Mambo yalibadilika miaka ya 1950, pale mwethya, desturi ya majirani kuitana shambani, ilipogeuka vikundi vinavyochagua viongozi wao, wengi wao wanawake. Hapo kazi ikashika kasi. Na usimamizi? Katika mwethya, asiyefika anajulikana kabla jua halijapanda. Kati ya 1930 na 1990 watu wa wilaya waliongezeka karibu mara sita, na bado mmomonyoko ulipungua.

Siku hizi tuna CDF tangu 2003, kaunti kwa katiba ya 2010, na Kifungu cha 35 kinachompa raia haki ya kupata habari. Sawa kabisa. Lakini mkaguzi bado huja na fomu yake: bomba limewekwa? Anatia alama, anapanda gari, huyo. Mama mwenye mtungi ana maswali mengine: maji yanatoka siku ngapi kwa wiki? Ufunguo wa kioski anao nani? Mbona pampu ikiharibika hatujui wa kumpigia simu? Fomu haina nafasi ya hayo. Kikundi cha mwethya kingeyauliza kabla fundi hajalipwa.