Nyumba ya Kipande, Nairobi

Wanachama wetu wengi hulipita jumba kongwe la mawe lililoko barabara ya Kenyatta mjini Nairobi. Huingia wakaweka fedha, kisha wakaenda zao. Lilijengwa mwaka 1913 na Gurdit Singh Nayer, na hapo kwanza lilikuwa bohari ya mizigo. Hayo ni machache. Yaliyo mengi yamo katika jina lake, Kipande House.

Sheria ya kuandikisha Waafrika ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika mwaka 1920 baada ya vita. Kila mwanamume Mwafrika aliyefika umri wa kufanya kazi alitiwa alama za vidole, akapewa cheti, na katika jumba hili wengi wao waliandikishwa. Cheti kilitiwa katika kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi, na jina hilo lilitosha kueleza uchungu wao. Humo tajiri aliandika mshahara, siku ya kuajiri na siku ya kuachisha. Asipotia sahihi, mtu hakuweza kuajiriwa mahali pengine. Akitoroka, alitafutwa kwa nambari yake, akakamatwa. Wazungu na Wahindi hawakuvaa kitu hicho.

Kipande kilikuwa miongoni mwa mambo aliyoyalalamikia Harry Thuku. Alipokamatwa Machi 1922, watu walikusanyika penye kituo cha polisi Nairobi wakapigwa risasi. Serikali haikuiondoa sheria ile hata mwaka 1947, ilipotunga sheria ya kuandikisha watu wa mataifa yote. Ndipo walowezi nao walipopiga kelele wakikataa kutoa alama za vidole vyao!

Katika miaka ya 1970 Benki ya Biashara ya Kenya ililinunua jumba hili, ikalitengeneza liwe tawi lake. Mjini palipobomolewa majengo mengi ya zamani, twaona lilikuwa jambo jema kwamba kuta zilibakizwa, na jema zaidi kwamba jina halikubadilishwa, ingawa lingaliweza kufutwa kwa sababu ya aibu yake.

Vikebe vyenyewe, hata hivyo, havina ukuta wa kuvilinda. Vingine vingali masandukuni mwa jamaa zetu, vimeshika kutu, na vijana huvitupa pamoja na vyuma vikuukuu. Twawaomba wazee walio navyo waandike jina la mwenyewe na mahali alipofanya kazi, karatasi hiyo iwekwe pamoja na kikebe.