Kipindi cha Kujisomea Step 1

Kipindi cha kujisomea Step 1 ni wiki zisizo na vipindi vya darasani wala zamu za wodini, ambazo vyuo vya tiba vya Marekani huwatengea wanafunzi ili wajiandae kwa sehemu ya kwanza ya USMLE, mtihani wa leseni ya udaktari. Mara nyingi huwa wiki 4 hadi 8. Urefu wake haupangwi kitaifa. Kila chuo hujipimia chenyewe, na mwanafunzi aliyepewa wiki 5 hakosi kujilinganisha na mwenzake wa chuo jirani aliyepewa 8.

Mtihani wenyewe

Step 1 hupima sayansi za msingi: anatomia, fiziolojia, biokemia, patholojia, famakolojia, mikrobiolojia na nyinginezo. Una maswali ya kuchagua jibu yasiyozidi 280, yanayofanywa kwa kompyuta kwa siku moja ya saa 8 katika vituo vya kampuni ya Prometric. Ada yake inazidi dola 600. Aliyefaulu haruhusiwi kurudia ili ajiongezee alama.

Chimbuko

Baraza la taifa la watahini wa tiba, NBME, liliundwa mwaka 1915 na kutoa mtihani wake wa kwanza jijini Washington mwaka uliofuata. Ripoti ya Abraham Flexner ya mwaka 1910 ilikuwa imekwisha kuvisukuma vyuo kwenye mpango wa miaka miwili ya maabara na darasa, kisha miwili ya hospitali. Mtihani wa sayansi za msingi ukaangukia kwenye mpaka wa nusu hizo mbili, na katika mpaka huohuo ndimo wiki za kujisomea zilimopata nafasi. Mwaka 1992, NBME pamoja na FSMB, shirikisho la bodi za tiba za majimbo, walianza kutoa USMLE badala ya mitihani iliyotangulia.

Miaka ya tarakimu tatu

Matokeo ya Step 1 yalitolewa kwa namba ya tarakimu tatu. Bodi za majimbo zilihitaji kujua jambo moja tu: mwombaji leseni anajua vya kutosha au hajui. Wakuu wa programu za ubingwa waliiona namba hiyo kwa jicho jingine. Maombi yalipozidi uwezo wao wa kuyasoma, ilikuwa rahisi kuweka kiwango na kuwaengua wote walio chini yake kabla hata barua moja haijafunguliwa. Katika tafiti za NRMP, shirika linalosimamia upangaji wa nafasi za ubingwa kitaifa, wakuu hao waliitaja alama ya Step 1 miongoni mwa mambo ya mwanzo kabisa wanayoangalia wanapochagua wa kuwaita kwenye usaili.

Hapo ndipo kipindi cha kujisomea kilipovimba. Wastani, uliokuwa karibu na 200 mwaka 1992, ulifika takriban 230 mwishoni mwa miaka ya 2010. Waliotaka ubingwa wa ngozi, wa mifupa au upasuaji wa ubongo walilenga 250 na kuendelea, nao walianza kujiandaa muda mrefu kabla ya wiki rasmi kufika. Kumbi za mihadhara zilibaki na viti vitupu. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walieleza jinsi wanafunzi walivyojijengea mtaala sambamba na ule wa chuo, wakiegemea vitabu na benki za maswali za kununua.

Zana za mtaala huo wa pili zinafahamika karibu kila chuo: kitabu cha First Aid, maelfu ya maswali ya UWorld, video za patholojia za Pathoma, michoro ya Sketchy, na kadi za kukariri za programu ya Anki, inayomrudishia msomaji kila kadi kwa vipindi vinavyorefuka kadiri anavyoikumbuka. NBME nayo huuza mitihani ya majaribio ambayo humkadiria mtahiniwa uwezekano wake wa kufaulu. Siku ya kawaida ya kipindi hiki ni mafungu ya maswali 40 asubuhi, mapitio ya majibu mchana kutwa, na kadi jioni. Mwanafunzi anayelipa karo ya maelfu ya dola huishia kufundishwa na kampuni ambazo chuo chake hakikuziajiri.

Udhaifu wa mpango huu ulijianika Machi 2020, Prometric ilipofunga vituo vyake vya Marekani na Kanada kwa siku 30 kwa sababu ya UVIKO-19. Waliokuwa katikati ya kipindi walifutiwa tarehe zao, wakaendelea kubukua bila kujua watafanya mtihani lini, huku zamu za wodini zikiwasubiri.

Urefu na mahali pake katika ratiba

Kurefusha wiki si dawa. Baada ya muda fulani faida ya kila wiki inayoongezwa hupungua, uchovu huongezeka na yaliyosomwa mwanzoni huanza kusahaulika.

Vyuo kadhaa, vikiwemo Duke, Vanderbilt na Pennsylvania, viliuhamisha mtihani hadi baada ya mzunguko wa wodini, mwanafunzi akiwa amekwisha kuwaona wagonjwa wa magonjwa aliyoyasoma. Mwaka 2017 jarida la Academic Medicine lilichapisha uzoefu wa vyuo vinane vilivyofuata njia hiyo.

Baada ya 2022

Februari 2020 wenye mtihani walitangaza kuwa namba itaondolewa, na kuanzia tarehe 26 Januari 2022 matokeo ya Step 1 yamekuwa kufaulu au kufeli tu. Kiwango cha kufaulu kilipandishwa wakati huohuo kutoka 194 hadi 196. Ilitarajiwa kuwa presha ingeshuka. Kilichoshuka ni ufaulu: wanafunzi wa vyuo vya MD, shahada ya kawaida ya udaktari, vya Marekani na Kanada waliofaulu kwa jaribio la kwanza walikuwa asilimia 96 mwaka 2021, wakawa 93 mwaka 2022. Baadhi ya vyuo sasa humtaka mwanafunzi afikie kiwango fulani katika mtihani wa majaribio kabla ya kuruhusiwa kukalia ule halisi.

Mbio za namba zimehamia Step 2 CK, mtihani wa tiba ya kliniki ambao bado unatolewa alama. Vyuo vingi huutengea wiki 2 hadi 4.

Vyuo vya osteopathia

Wanafunzi wa vyuo vya osteopathia, vinavyotoa shahada ya DO badala ya MD, hufanya mtihani wao wa leseni, COMLEX-USA, ambao Level 1 yake iliacha kutoa alama mwaka 2022. Wengi hufanya na USMLE pia, katika wiki zilezile.

Wahitimu wa nje

Daktari aliyesoma Muhimbili, Makerere au Nairobi na anayetaka ubingwa Marekani hupitia ECFMG, tume ya kuthibitisha wahitimu wa tiba wa nje iliyoanza mwaka 1956, na hufanya Step 1 ileile. Mtihani huo haumo katika mtaala wa chuo chake, hivyo hatengewi wiki yoyote. Husoma kati ya zamu za utarajali au baada ya kazi. Kati ya wahitimu wa nje waliojaribu kwa mara ya kwanza mwaka 2022, waliofaulu walikuwa asilimia 74, kutoka 82 mwaka uliotangulia.