Sharti la Baa ya Bowery

Katika kisiwa cha Manhattan, mjini New York, ipo barabara iitwayo Bowery, ambayo hadi miaka ya 1970 ilijulikana zaidi kwa walevi na watu wasio na makazi. Hapo, katika jengo nambari 315, chini ya hoteli ya mafukara, Hilly Kristal alifungua baa mwezi Disemba 1973 akaiita CBGB. Herufi hizo zilitokana na majina ya miziki aliyoikusudia: kantri, bluugrasi na bluzi. Lakini waliokuja kubisha hodi walikuwa vijana wenye muziki mwingine, ambao milango mingi mjini ilikuwa imefungwa mbele yao.

Kristal aliwapokea kwa sharti: kila bendi ipige tungo zake yenyewe. Sharti hilo ndilo lililoigeuza baa kuwa baraza la watunzi. Mwaka 1974 ilipanda jukwaani bendi ya Television, ambayo kiongozi wake, Tom Verlaine, alijipa jina la mshairi wa Kifaransa, Paul Verlaine. Mwaka huo huo wakaja Ramones. Patti Smith, ambaye mwaka 1971 alikuwa ameyaghani mashairi yake kanisani St. Mark's akisindikizwa na gitaa, alitumbuiza hapo mwaka 1975, na kabla ya mwaka kwisha albamu yake ya kwanza, Horses, ilikwishatoka. Blondie na Talking Heads nao walipitia humo.

Jina la baa likavuma duniani, ila jengo halikuwa la Kristal. Bowery ilipoanza kupendwa na matajiri, kodi za pango zilipanda. Mwaka 2005 ulizuka mgogoro baina yake na mpangishaji, shirika la kuwahudumia wasio na makazi, na mkataba ulipokwisha haukufanywa upya.

Usiku wa tarehe 15 Oktoba 2006, Patti Smith aliimba kwa mara ya mwisho katika baa hiyo, akamalizia kwa mbolezi na kuyataja majina ya wanamuziki waliokwishafariki. Kristal mwenyewe alifariki mwezi Agosti 2007, na mwaka uliofuata palifunguliwa duka la mavazi ya kifahari. Tangu hapo, mtunzi asiyejulikana aliyefika Bowery na utungo wake mkononi hakuukuta tena mlango ule wa kupigia hodi.